Hoteli ya Nyumbani kwa Mwenye Kwao Nyarusange

Mwenye kwao Nyarusange, Burundi, likizo yake ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuwaona watu: wazazi, shangazi, mashemeji, watoto waliozaliwa bila wewe kuwaona, na pengine mahari ya mdogo wako inayosubiri ufike. Ya pili ni kupumzika. Anayeishi Bujumbura anaweza kuzitenganisha kazi hizo, leo akapanda Gitega, mwezi ujao akashuka ziwani. Anayeishi Ottawa, Brussels au Dallas hana nafasi hiyo. Siku zake za mapumziko ni chache, nauli ya familia nzima ni fedha nyingi, na kazi zote mbili zinabanwa ndani ya safari moja.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya huyo, na kwa ajili ya ndugu zake wa Gitega na Muyinga ambao kwa kawaida ndio wanaoombwa ushauri wakati mkataba umeshasainiwa. Siku hizi Warundi wengi wanauziwa uanachama wa likizo, biashara inayojulikana kama taimushea. Wenzetu waliokimbia mwaka 1972, waliokuwa kambini Tanzania, walianza kupelekwa Marekani mwaka 2007. Leo wana mishahara ya kila mwezi na watoto wanaotaka kwenda Orlando, na simu inaita: njoo usikilize maelezo ya saa moja na nusu, utapewa kifungua kinywa na tiketi za bure. Wengine wanakutana na muuzaji Mombasa wakiwa wamepita tu, njiani kwenda au kutoka nyumbani. Sikukatazi kununua. Ninachokuomba ni kwamba kabla hujashika kalamu uamue jambo moja ambalo muuzaji hulipitia haraka kuliko yote, yaani hoteli ipi itaandikwa kwenye karatasi kuwa hoteli yako ya nyumbani.

Unachonunua hasa

Biashara yenyewe ni rahisi kueleza. Watu wengi wanachangia gharama za nyumba moja ya mapumziko, kila mmoja anapata muda wake kila mwaka. Uswisi walianza hivyo mwaka 1963 kupitia kampuni ya Hapimag. Mwaka 1974 ikaanzishwa RCI kule Indianapolis, kampuni ya kubadilishana: mwenye wiki Florida anaiweka ghalani, anachukua wiki ya mtu mwingine Hispania. Afrika Kusini ilichangamkia biashara hii mapema hata ikatungiwa sheria yake mwaka 1983. Baadaye zikaja pointi. Hupewi tena wiki ya tarehe fulani. Unapewa fungu la pointi kila mwaka, na unazitumia kama akiba ya kulala.

Pointi ndizo zinazowachanganya watu. Muuzaji anakufungulia kitabu cha picha chenye mamia ya hoteli na kukuambia kwamba zote ni zako. Si zako. Una haki katika hoteli moja, na kwingine kote una ruhusa ya kuomba. Mfano unaofahamika zaidi ni klabu ya likizo ya Disney, iliyoanza 1991. Mwanachama wake anaweza kuweka nafasi katika hoteli yake ya nyumbani miezi 11 kabla ya kufika. Katika hoteli nyingine za klabu hiyo hiyo anasubiri hadi ibaki miezi 7. Katika ile miezi minne ya katikati, wenye nyumba wanachukua Krismasi, wanachukua Pasaka, wanachukua Julai, wanachukua vyumba vikubwa vya familia. Wewe mgeni unaletewa kilichobaki. Klabu nyingine zina hesabu yao tofauti ya miezi, lakini karibu zote zina tofauti ya aina hiyo kati ya mwenyeji na mgeni. Muulize muuzaji swali hili kwa maneno haya: kwangu naweka nafasi miezi mingapi kabla, na kwa wengine miezi mingapi? Kisha mwambie akuonyeshe mstari ulioandika hivyo.

Kipimo changu cha kwanza kinatokana na hapo. Jifanye kwamba mfumo wa kubadilishana haupo kabisa. Jiulize kama ungekubali kulala katika hoteli hii moja, mwaka hadi mwaka, na familia yako yote. Ukisita, usiinunue.

Anza na kalenda ya kwenu

Watu wengi huanza na picha ya bwawa la kuogelea. Wewe anza na kalenda, na mbele ya kalenda yako ya kazi weka ya Nyarusange.

Kwetu wageni wa ng'ambo hurudi kiangazi, kile cha kuanzia Juni hadi Septemba, wakati barabara za vilimani zinapitika na mavuno yameingia ndani. Huo ndio msimu wa kuoa na kuolewa, wa kutoa mahari, wa kumaliza matanga ya waliofariki wakati haupo. Shule za Burundi zimefungwa, kwa hiyo binamu wa watoto wako wapo nyumbani. Julai na Agosti ndiyo miezi ambayo huwezi kuwanyima watu wako.

Sasa zipange siku. Tuseme una wiki nne. Ukiuziwa wiki ya kudumu, ambayo tarehe zake hazibadiliki, na ikaangukia katikati ya Julai, umeikata safari yako vipande viwili. Utafika Nyarusange, hujamaliza hata kuwazungukia wazee, unapaki mizigo kwenda pwani. Ukirudi, umebakiwa na siku za kuaga. Na harusi ya dada yako haitasogezwa kwa sababu ya namba ya wiki iliyo kwenye mkataba wako. Tarehe ya harusi huenda ikajulikana miezi miwili kabla, wakati chumba chako cha hoteli kilitakiwa kuwekwa miezi kumi na moja kabla. Anayetaka kuingia hotelini tarehe 20 Agosti anatakiwa awe ameomba tangu Septemba ya mwaka uliopita.

Ushauri wangu ni kwamba pumziko liwe mwisho wa safari, baada ya shughuli zote, na tarehe yake ihesabiwe kurudi nyuma kutoka siku ambayo shule ya watoto inafunguliwa. Hapa tofauti ya nchi ina uzito. Dallas watoto wanarudi darasani karibu katikati ya Agosti. Ontario wana hadi baada ya siku ya wafanyakazi, mwanzoni mwa Septemba. Ubelgiji ya Kifaransa ilibadilisha kalenda yake mwaka 2022, na tangu hapo shule hufunguliwa mwishoni mwa Agosti. Familia ya Dallas, basi, inahitaji wiki ya mwisho wa Julai au ya kwanza ya Agosti, wakati Wazungu nao wamejaa pwani. Familia ya Ottawa inaweza kuchukua wiki ya mwisho wa Agosti kwa utulivu zaidi. Hoteli ile ile inaweza kumfaa mmoja na kumtesa mwingine.

Ukiangalia jedwali la RCI utaona misimu imepakwa rangi: nyekundu ni ya juu, nyeupe ya kati, bluu ya chini. Wiki ya bluu hutolewa kwa bei nafuu, na muuzaji atakwambia kwamba utaibadilisha kwa nyekundu. Atakayekupa wiki yake nyekundu na kupokea yako ya bluu si rahisi kumpata. Kwenye pwani yetu ya Afrika Mashariki, Aprili na Mei ni masika. Nunua wiki ya masika kama kweli unataka kulala ukisikiliza mvua juu ya makuti. Kuna wanaoipenda, na bei za kila kitu hushuka.

Njia ya kufika

Chora njia kuanzia mlango wa mzee wako. Kutoka Nyarusange unapanda Gitega mjini, kisha kilomita mia moja hivi za kona na miteremko hadi Bujumbura, kwenye uwanja wa ndege wa Melchior Ndadaye. Kwenda Mombasa kwa kawaida utapitia Nairobi, na Zanzibar vilevile utabadilisha ndege mahali. Anayetokea upande wa Muyinga ana njia nyingine, mpaka wa Kobero, akaingia Tanzania kwa Kabanga na Ngara, kisha basi la zaidi ya kilomita 1,300 hadi Dar es Salaam. Wafanyabiashara wanaizoea. Mtoto wa miaka minne aliyetoka Kanada juzi hataizoea, na mama mkwe wako wa miaka sabini na miwili asiombwe aizoee.

Nimemtaja mama mkwe makusudi. Wengi wetu tukisema tunapumzika na familia hatumaanishi baba, mama na watoto wawili, kama ilivyo kwenye picha za matangazo. Tunamaanisha na bibi, na yule binti wa shangazi aliyetusaidia kulea. Kwa hiyo angalia chumba kinaruhusu watu wangapi kulala, na kama anayezidi analipiwa. Angalia kama jengo lina vyumba vya chini visivyo na ngazi. Angalia pia kama mkataba unaruhusu ndugu yako atumie wiki bila wewe kuwapo, kwa barua tu, au kama hoteli inadai malipo ya mgeni. Mwaka ambao hutapata likizo, wiki hiyo inaweza kuwa zawadi kubwa kwa wazazi wako, ila tu ikiwa wanaweza kuifikia. Raia wa Burundi anaingia Kenya na Tanzania bila viza, kwa kuwa nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007. Mwenye pasipoti ya Kanada anahitaji kibali cha mtandaoni cha Kenya, na Zanzibar tangu Oktoba 2024 inamtoza mgeni mtu mzima dola 44 za bima. Kwa watu wazima watano hizo ni dola 220 ambazo hazimo kwenye hesabu ya muuzaji.

Utaambiwa pia habari za reli. Ni kweli kwamba reli ya kisasa kutoka Uvinza hadi Musongati ilizinduliwa ujenzi wake Agosti 2025, na mimi naiombea imalizike. Lakini ada yako inaanza kudaiwa mwaka huu. Nunua kwa njia unayoweza kupita leo.

Simama pale bahari inapokupwa

Tuseme kalenda inakubali na njia inapitika. Usinunue hoteli ambayo hujalala, na ukienda kulala, chagua siku za bamvua, karibu na mwezi mpevu au mwezi mwandamo, ambapo maji hupwa hadi mwisho.

Nenda Jambiani au Paje, mashariki ya Unguja, saa sita mchana siku kama hiyo. Bahari uliyoiona asubuhi ikigusa ngazi za hoteli imekwenda zake mbali, hadi karibu na mwamba. Mbele yako kuna mchanga mweupe wenye madimbwi ya vuguvugu, vijiti vya mashamba ya mwani vimesimama kwa safu, na akina mama wameinama wakifunga mbegu kwenye kamba. Ni mahali pazuri sana pa kutembea na mtoto mdogo, kumwonyesha kaa na viti vya pweza. Kuogelea utasubiri jioni. Sasa nenda Nungwi au Kendwa, ncha ya kaskazini: hapo maji hayaendi mbali, unaweza kuoga karibu saa zote. Picha za matangazo za pande zote mbili zimepigwa maji yakiwa yamejaa, na zote zinafanana. Anayenunua wiki ya kwenda mara moja atavumilia. Wewe unanunua miaka ishirini, kwa hiyo lazima ujue mtoto wako atafanya nini saa saba mchana. Pwani ya Kenya ina jambo hilo hilo, kwa kuwa mwamba unailinda sehemu kubwa ya ufuo. Diani, maji yakipwa, watu hutembea hadi mwambani kwa miguu.

Ukiwa huko ingia bafuni, fungua bomba, uonje tone moja. Hoteli nyingi za pwani zinategemea visima, na maji ya visima vilivyo karibu na bahari huwa na chumvi. Chumvi hiyo inakula mabomba, mashine za kupoza hewa, vitasa vya milango. Tazama juu: makuti mapya yana rangi ya dhahabu, yaliyochoka ni ya kijivu na yana mashimo ya mwanga. Paa la makuti hubadilishwa kila baada ya miaka michache, na wanaolilipia ni wanachama. Zungumza na fundi wa hoteli, si na mhudumu wa mapokezi. Muulize jenereta limenunuliwa lini, na bwawa lilitiwa vigae lini. Majibu yake utayalipia baadaye.

Na ukubali kwamba hoteli hufa. Mei 2014 Uingereza iliwashauri raia wake wasiende Mombasa, kampuni za utalii zikawarudisha wageni wao kwa ndege, na hoteli nyingi za pwani ya Kenya zikafunga milango au kupunguza wafanyakazi. Kisha ikaja korona 2020. Uliza mkataba unasema nini kuhusu mwaka ambao hoteli imefungwa: ada inasimama, au inaendelea?

Ada, na fedha inayolipwa nayo

Bei ya kununua inakuumiza mara moja. Ada ya matunzo inakuumiza kila mwaka, na inapanda. Chukua hesabu ya mfano. Umenunua wiki kwa dola 12,000 na ada ni dola 900 kwa mwaka. Ukigawa ile bei kwa miaka kumi, kila mwaka ni dola 1,200. Ongeza ada, ni 2,100. Gawa kwa siku saba: dola 300 kwa usiku, kabla hujanunua chakula wala tiketi ya ndege. Ada ikipanda asilimia 5 kila mwaka, baada ya miaka kumi na mitano utakuwa unalipa karibu dola 1,870. Ukiwa umekopa fedha za kununulia, riba ya wauzaji huwa kubwa, na hesabu inazidi kuwa mbaya.

Linganisha na bei gani? Hapa ndipo wengi wanapotezwa. Muuzaji anailinganisha bei yake na bei ya ubaoni, ile anayotozwa mtalii aliyetoka Ulaya kwa ndege. Hoteli nyingi za pwani zina bei ya wakazi wa Afrika Mashariki, ya chini zaidi, na bei ya msimu mdogo iliyo chini ya hiyo. Piga simu mwenyewe, kwa Kiswahili, uulize bei ya mkazi kwa wiki unayoitaka. Kama kitambulisho cha ndugu yako kinampatia chumba kwa dola 90 usiku, huna sababu ya kufunga dola 12,000.

Uliza pia ada inadaiwa kwa fedha gani. Anayelipwa kwa dola ya Marekani au yuro hana shida kubwa. Anayelipwa kwa faranga ya Burundi yuko mahali pagumu. Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha thamani ya faranga, na dola ikapanda kwa zaidi ya theluthi moja kwa mpigo, hiyo ikiwa ni bei rasmi. Sokoni ilikuwa juu zaidi, na kuipata dola yenyewe benki ni kazi. Shilingi ya Kenya nayo ilitoka karibu 110 kwa dola mwanzoni mwa 2021 hadi karibu 160 Januari 2024, kisha ikarudi karibu 130 katikati ya mwaka huo. Mtumishi wa Gitega aliyesaini ada ya dola amesaini kwamba kila faranga inaposhuka, likizo yake inapanda bei. Kwake yeye nasema wazi: asiingie.

Kuna mtego ndani ya bei ndogo. Tena mfano ni wa Disney. Hoteli yao ya Vero Beach, iliyo ufukweni mbali na viwanja vya michezo vya Orlando, ni rahisi kununua mkononi mwa mwanachama anayetoka, na ada yake ni miongoni mwa zilizo juu kabisa katika klabu. Wauzaji wanashusha bei kwa sababu wanaukimbia mzigo. Kwa hiyo ukilinganisha hoteli mbili za nyumbani, omba ada za miaka mitano iliyopita, mwaka kwa mwaka, na uzipange kwenye karatasi kabla ya kutazama bei.

Miaka iliyobaki chini ya jengo

Hoteli ina ardhi, na ardhi ina mwenyewe. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 65, inasema asiye raia anaweza kushika ardhi kwa upangaji tu, usiozidi miaka 99. Zanzibar ardhi ni mali ya umma na mwekezaji hupewa upangaji wa muda. Maana yake kwako ni swali moja: hati ya kiwanja hiki imebakiza miaka mingapi? Hoteli ya zamani inaweza kuwa inawauzia wanachama miaka 40 juu ya hati iliyobakiza 18. Wakili wa Mombasa atalipeleleza hilo kwa ada ndogo, na ningemlipa huyo kabla ya kumlipa muuzaji shilingi moja.

Muda wenyewe pia una tabu ya upande wa pili. Mkataba usio na mwisho unarithisha deni. Mahakama Kuu ya Hispania iliamua Januari 2015 kwamba mikataba ya milele iliyouzwa baada ya sheria ya nchi hiyo kuweka kikomo cha miaka 50 haikuwa halali. Ukifa na mkataba wa milele, barua ya ada itawatafuta watoto wako. Mimi nachagua mkataba wenye tarehe ya kuisha, hata ufupi ukinigharimu. Mikataba ya hoteli kadhaa za mwanzo za Disney inaisha Januari 2042, na wanachama wanajua hivyo tangu mwanzo. Huo ni uwazi ninaoupenda.

Kuhusu kuuza tena, usitegemee kupata ulicholipa. Wiki nyingi hutolewa karibu bure ili mwenyewe aepuke ada. Tena haki za hoteli ya nyumbani hazihami zote. Aliyenunua Disney Riviera mkononi mwa mtu, badala ya kununua kwa kampuni, analala Riviera tu. Hoteli nyingine za klabu zimefungwa kwake. Soma sehemu ya kuuza tena kabla ya sehemu ya picha.

Kama ziwa linakutosha

Kwa familia inayokaa Burundi, na hata kwa wageni wengi wa ng'ambo, nadhani jibu bora halimo kwenye mkataba wowote. Kutoka Nyarusange hadi Ziwa Tanganyika ni safari ya siku moja na bado unafika mchana. Saga Beach Bujumbura, fukwe za Rumonge na Nyanza-Lac, samaki wa mukeke wa kukaanga, watoto majini bila kungoja maji kujaa. Ndugu kumi wanaochangia kila mwezi katika kikundi chao cha akiba wanaweza kulipia nyumba ya kukodi wiki nzima kila kiangazi, na mwaka wasiotaka, fedha inabaki yao.

Wakitaka kujenga kwa pamoja, waangalie jambo moja kabla ya yote. Ziwa hupanda. Mwaka 2021 maji yaliingia nyumba na hoteli za ufukweni Bujumbura na kuwahamisha watu Gatumba, na 2024 yalirudi tena. Sheria ya maji ya 2012 imetenga ukanda wa mita 150 kutoka ziwani usijengwe. Kiwanja chochote mtakachoonyeshwa, kipimeni kuanzia alama ya juu kabisa ya maji iliyobaki kwenye kuta, na waulizeni wavuvi iko wapi.

Siku ya kusaini, na siku zinazofuata

Ukiwa bado unataka kununua, usisaini siku ile ile. Bei ya leo tu hurudi kesho, jaribu uone. Andika kwa mkono kwenye nakala yako mambo matano, na umtake muuzaji aweke sahihi pembeni: jina la hoteli ya nyumbani, miezi ya kuweka nafasi kwako na kwingine, ada ya mwaka huu na fedha yake, tarehe mkataba unapoisha, na nani anaruhusiwa kulala badala yako. Akikataa kuandika alichokisema kwa mdomo, umeshapata jibu.

Ukijuta baada ya kusaini, hesabu siku haraka. Sheria ya Kenya ya kulinda watumiaji ya 2012 inaitaja taimushea kwa jina, na inampa mnunuzi siku 10 za kuvunja mkataba bila kutoa sababu, kuanzia alipopokea nakala yake ya maandishi. Florida ni siku 10 pia. Umoja wa Ulaya na Uingereza ni siku 14, na katika siku hizo muuzaji haruhusiwi kukudai malipo ya awali. Barua iwe fupi: jina lako, namba ya mkataba, tarehe uliyosaini, na maneno kwamba unauvunja mkataba na unataka fedha yako irudishwe. Ipeleke kwa njia inayoacha ushahidi wa tarehe, kwa anwani iliyoandikwa kwenye mkataba kwa ajili hiyo, na tunza risiti. Usipige simu kuomba ruhusa. Wataihamisha simu yako kutoka dawati hadi dawati mpaka siku ziishe.

Na ukiwa mwanachama, siku moja atakupigia mtu asiyejulikana akisema amepata mnunuzi wa wiki yako, tuma kwanza kodi na gharama za kuhamisha. Huyo ni mwizi. Mwaka 2023 Wizara ya Fedha ya Marekani iliwawekea vikwazo watu wa Meksiko waliohusishwa na genge la Jalisco kwa utapeli wa aina hiyo hiyo dhidi ya wenye taimushea, na wanaolengwa zaidi ni wazee. Waambie wazazi wako, kama majina yao yamo kwenye mkataba, kwamba simu ya namna hiyo wakuachie wewe, na wasimtajie anayepiga namba yoyote ya benki wala ya pasipoti.